Canon EOS 2000D na lenzi mbili za zamani za Nikkor katika kazi ya stopu-mosheni

Kamera inayosifiwa na wapiga picha wa harusi au wa mpira inaweza kuwa mzigo tu mezani pa mtu anayehuisha wanasesere, kwa sababu sifa zinazoifanya iuzwe ghali, yaani kulenga haraka, kupiga picha nyingi kwa sekunde na kufuata uso wa mtu anayekimbia, ndizo sifa ambazo sisi huzizima zote kabla ya kupiga picha ya kwanza. Katika stopu-mosheni mwanasesere husogezwa kidogo, hupigwa picha moja, husogezwa tena, na picha 24 au 25 za namna hiyo ndizo zinazotoa sekunde moja ya filamu. Wengi wetu hupunguza kazi kwa kuitumia kila picha mara mbili, hivyo sekunde moja hudai picha 12 na dakika moja hudai 720. Kamera katika kazi hii inadaiwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba picha ya 720 itoke na mwanga uleule, rangi zilezile na mpangilio uleule wa picha ya kwanza, hata kama kati yake zimepita siku tatu. Kwa kipimo hicho ndipo ninapoitathmini Canon EOS 2000D pamoja na lenzi mbili ambazo umri wake unaizidi kamera hiyo kwa miongo kadhaa: Nikkor ya milimita 28 f/2.8 na Micro-Nikkor ya milimita 55 f/2.8, zote za aina ya AI-S. Nikkor ni jina la lenzi za Nikon, AI-S ni aina yake ya zamani ya kulengwa kwa mkono, milimita zikiwa chache lenzi huona kwa upana zaidi, na namba ya f hupima tundu la mwanga: ikikua, tundu huwa dogo.

Nimezitumia kwa miezi 14 katika chumba kidogo cha kazi mjini Tanga, juu ya meza moja, kwa wanasesere wenye kimo cha sentimita 20 na mifupa ya waya. Bodi, yaani kamera bila lenzi, niliinunua ikiwa imetumika, na lenzi zote mbili ni za mtumba. Sikuzichagua kwa sababu ya uhaba wa fedha peke yake. Hata kama ningepewa fedha za kutosha leo, lenzi ningechagua hizohizo.

Sababu yake inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowakwaza wanaoanza na ndiyo ambayo wauzaji wa kamera hawaizungumzii. Lenzi nyingi za kisasa hazina pete ya kufungua na kufunga apacha, yaani tundu linalopitisha mwanga. Tundu hukaa wazi kabisa muda wote ili mpiga picha aone vizuri, na pale tu kitufe kinapobonyezwa mota ndogo hulifunga hadi kipimo kilichowekwa, picha hupigwa, kisha tundu hufunguka tena. Mabamba membamba yanayolifunga tundu hayarudi mahali palepale kila mara. Picha hii tundu huwa pana kwa unywele, inayofuata huwa jembamba kwa unywele, na tofauti ya mwanga ni ndogo kiasi kwamba mpiga picha wa kawaida, ambaye kila picha yake hutazamwa peke yake, hataiona maishani mwake. Zipange picha 12 kwa sekunde moja, na ukuta uliosimama tuli nyuma ya mwanasesere utaanza kupepesa kama taa ya kibatari kwenye upepo. Kadiri tundu linavyofungwa zaidi ndivyo kosa lilelile la unywele linavyokuwa sehemu kubwa zaidi ya mwanga wote, na kwa bahati mbaya kazi yetu hudai tundu dogo karibu kila siku.

Nilianza na lenzi ya zumu ya kisasa, nikapoteza kazi ya wiki nzima kwa kupepesa huko, na nilipojaribu kukuondoa kwa programu ya kuhariri niligundua kwamba programu husawazisha mwanga wa fremu nzima, ilhali kivuli cha mwanasesere anayesogea hubadilika kwa haki yake na hakitakiwi kusawazishwa. Lenzi hiyo ilikuwa na kasoro ya pili: kila kamera ilipoinamishwa kutazama chini, mrija wa zumu ulishuka wenyewe polepole, kiasi kwamba baada ya saa mbili chumba cha mwanasesere kilikuwa kimekua bila mtu kukigusa. Tangu hapo sijaweka lenzi ya zumu mezani.

Nikkor za AI-S zina pete. Ukiigeuza hadi f/11 na kuibana kwa utepe, na lenzi ikiwa imeshikwa na adapta (pete ya kuunganisha lenzi na bodi ya mfumo mwingine) isiyo na waya wala chipu, kamera haina njia ya kuligusa tundu. Kwenye kioo cha 2000D namba ya tundu huandikwa 00, kana kwamba hakuna lenzi kabisa, na mradi kamera imewekwa katika hali ya M, yaani ya kupanga kila kitu kwa mkono, hupiga picha bila kulalamika. Sijaona hata fremu moja iliyopepesa kwa sababu ya lenzi tangu nilipoanza kuzitumia hivyo.

Lenzi ya Nikon hukaa vizuri kwenye bodi ya Canon kwa sababu ya hesabu ya milimita. Kila mfumo wa lenzi una umbali wake maalumu kati ya mdomo wa bodi na sensa, yaani kibamba cha ndani kinachopokea picha. Kwa Nikon ya mfumo wa F ni milimita 46.5, kwa Canon ya mfumo wa EF ni milimita 44. Zinabaki milimita 2.5, na humo ndimo adapta nyembamba ya chuma inapokaa bila kuhitaji kioo cha ziada. Kinyume chake hakiwezekani kwa urahisi, maana lenzi ya Canon kwenye bodi ya Nikon ingekuwa mbali mno na sensa. Hata lenzi za zamani za Canon zenyewe, zile za FD, zilitengenezwa kwa umbali wa milimita 42, kwa hiyo anayezinunua kwa kudhani kuwa jina moja ni mfumo mmoja atapata usumbufu kwenye bodi ya EF.

Adapta yenyewe isichukuliwe kijuujuu. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa imelegea kiasi cha kusikika ikigonga, na muuzaji aliniambia ni kawaida. Nilipogusa pete ya kulengea katikati ya tukio refu, lenzi ilizunguka kidogo sana ndani ya adapta na fremu nzima ikaruka. Niliitupa, nikanunua nyingine iliyobana hadi inahitaji nguvu ya mkono kuifunga, na nafunga utepe juu yake vilevile.

Mpango huu wa kuoanisha Canon na Nikon haukubuniwa na mtu wa chumba kidogo kama mimi. Filamu ya stopu-mosheni ya Corpse Bride ya mwaka 2005, iliyoonyeshwa katika majumba makubwa ya sinema, ilipigwa kwa kamera za Canon EOS-1D Mark II zilizofungwa lenzi za Nikon kwa adapta. Sensa ya kamera hiyo ilikuwa na megapikseli 8.2. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaoahirisha kuanza wakisubiri kamera yenye megapikseli 45, kwa kuwa 2000D wanayoidharau ina 24.1.

Kuhusu lenzi zenyewe, nianze na ile ya milimita 28, ambayo ndiyo hukaa kwenye bodi siku nyingi zaidi. Sensa ya 2000D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9, nayo ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35 ambayo lenzi hizi zilitengenezewa, kwa hiyo milimita 28 hapa huona kama ambavyo milimita 45 ingeona kwenye sensa kubwa. Kwa wanasesere wangu maana yake ni hii: ili fremu iwe na kimo cha sentimita 30, mwanasesere mzima aonekane na nafasi kidogo juu ya kichwa, lenzi hukaa umbali wa takribani sentimita 60. Mwanasesere wa sentimita 20 anamwakilisha mtu wa mita 1.6, yaani ni sehemu moja ya nane, na sentimita 60 kwake ni sawa na karibu mita tano kwetu. Huo ndio umbali ambao mtu husimama akimtazama mwenzake sebuleni, na ndiyo maana picha zake humfanya mtazamaji ahisi kuwa yumo chumbani. Tena lenzi hii hulenga hadi sentimita 20, umbali ambao lenzi nyingi za milimita 28 za enzi zake haziufikii, na kwa hiyo naweza kuiingiza ndani kabisa ya seti, kati ya kiti na meza ya mwanasesere, bila kuongeza pete za kurefusha.

Micro-Nikkor ya milimita 55 ni ya nyuso na mikono. Hulenga hadi sentimita 25, ambapo kitu huchorwa kwenye sensa kwa nusu ya ukubwa wake halisi, na kwa kimo chetu hiyo ni karibu kuliko ninavyohitaji. Pete yake ya kulengea huzunguka safari ndefu, polepole, na hapo ndipo ubora wake unapozidi lenzi za kisasa ambazo pete yake huzungushwa kidogo tu ikavuka uso mzima. Nikitaka macho ya mtazamaji yahame kutoka kwenye kikombe kilicho mbele hadi kwenye uso ulio nyuma, nabandika kipande cha karatasi kwenye mrija wa lenzi, nachora mistari 18 kwa kalamu nyembamba, kisha nasogeza pete mstari mmoja kila picha. Kwa lenzi inayozunguka kwa ulegevu wa plastiki jambo hilo halifanyiki.

Kina cha ulengaji, yaani eneo la mbele na nyuma ambalo huonekana bila ukungu, ni suala linalostahili kupimwa kabla ya kununua lenzi yenye f/1.4 kwa bei kubwa. Katika fremu ya kimo cha sentimita 30, nikiwa nimefunga tundu hadi f/11, napata kina cha sentimita 17 hivi, kinachomtosha mwanasesere na kiti chake. Nikisogea hadi uso ujaze fremu ya kimo cha sentimita 7.5, kina hicho huanguka hadi sentimita moja na kidogo, hata tundu likibaki f/11. Pua ikiwa wazi, masikio yana ukungu. Macho yetu yamezoea kuona ukungu wa namna hiyo kwenye vitu vidogo tu, kwa hiyo ukizidi, mtazamaji hutambua mara moja kwamba anatazama mdoli, na ulimwengu wote uliojengwa kwa wiki kadhaa hubomoka. Ndiyo sababu nafanya kazi kati ya f/8 na f/16 na sijawahi kutumia f/2.8 kupiga picha halisi. Huitumia kulengea tu, kwa kuwa tundu likiwa wazi kioo huwa angavu na kosa la kulenga huonekana upesi. Zaidi ya f/16 siendi, kwa sababu kwenye sensa hii f/22 hulainisha picha yote kwa mtawanyiko wa mwanga.

Sasa bodi. Ninaipenda 2000D kwa uzito wake mdogo, gramu 475 pamoja na betri, ambao stendi yangu ya kawaida huubeba bila kulegea, na kwa jinsi inavyotii inapounganishwa na kompyuta. Programu ya Dragonframe huitambua, huonyesha picha ya moja kwa moja kutoka kwenye lenzi, huilinganisha na picha iliyotangulia, na huniruhusu kupiga bila kugusa kitufe. Asiye na fedha za Dragonframe anaweza kuanza na EOS Utility, programu ya bure ya Canon yenyewe, inayotosha kupiga picha na kubadilisha mipangilio kutoka kwenye kompyuta.

Kasoro zake, hata hivyo, ni za kweli na zinagusa kazi hii moja kwa moja. Mlango wa betri uko chini ya bodi, mahali palepale ambapo sahani ya stendi hufungwa, kwa hiyo kubadilisha betri katikati ya tukio ni sawa na kulifuta tukio hilo. Kamera inayoonyesha picha ya moja kwa moja muda wote humaliza betri haraka, hivyo betri ya waya, yaani ile ya bandia inayochomekwa ukutani, ni lazima inunuliwe siku ileile inaponunuliwa bodi. Tundu la USB ni la aina ya zamani, mini, na waya wake ukining'inia huivuta kamera. Naufunga kwenye mguu wa stendi kwa kamba. Kioo cha nyuma hakikunjuki, jambo ambalo halinisumbui kwa kuwa natazama kompyuta. Linalonisumbua zaidi ni kwamba picha ya moja kwa moja inayotumwa kwenye kompyuta ni hafifu ikilinganishwa na picha yenyewe, hasa tundu likiwa limefungwa, na kusogea kwa kope kwa nusu milimita mara nyingine sikuoni hadi nipige picha ya majaribio. Baada ya saa nyingi sensa nayo hupata joto, na katika mwambao wetu wa joto, hilo huja mapema. Vidoa vya rangi huanza kuonekana gizani. Naizima kila ninapokwenda kula.

Megapikseli 24 nazitumia kwa njia moja tu yenye faida. Picha ina upana wa pikseli 6000, wakati filamu ya 4K inahitaji 3840, hivyo ninabaki na ukingo wa kuisogeza fremu kidogo wakati wa kuhariri. Faili za RAW, yaani picha ghafi kutoka kwenye sensa, za ukubwa huo huwa na MB 25 hivi kila moja, kwa hiyo dakika moja ya filamu hula karibu GB 18, na diski ya nje isisahauliwe kwenye bajeti.

Mipangilio mingine ni michache: ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kupokea mwanga, mizani ya rangi nyeupe iwekwe kwa namba na isiachiwe kamera iamue, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya nusu sekunde au zaidi. Shata ndefu haina hasara hapa kwa kuwa hakuna kinachosogea, na ina faida kubwa, kwa sababu taa za umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde hupanda na kushuka, na nusu sekunde hukusanya mizunguko 25 ikaisawazisha. Umeme wenyewe ukipungua nguvu jioni hakuna shata itakayosaidia. Taa zangu za LED sasa zinatumia betri zake. Madirisha nimeyaziba, nami huvaa nguo nyeusi, kwa maana shati jeupe humrudishia mwanasesere mwanga tofauti kila ninaposimama mahali tofauti.

Kwa mwenye uwezo mkubwa zaidi, Canon EOS R iliyotoka mwaka 2018 ni bora kuliko 2000D katika lile linaloniumiza zaidi, yaani picha ya moja kwa moja, ambayo ni kubwa na safi zaidi. Haina kioo cha ndani kinachoinuka mbele ya sensa, kama kile cha 2000D, na umbali wake kati ya mdomo na sensa ni milimita 20 tu, kwa hiyo hupokea karibu lenzi yoyote ya zamani, zile za FD zikiwemo. Sensa yake ni kubwa, hivyo kina cha ulengaji hupungua kwa fremu ileile na tundu lilelile, na mwenye kuihamia ajiandae kufunga tundu zaidi na kuongeza taa au muda wa shata. Nikihamia huko nitabadilisha adapta pekee, lenzi zitabaki. Simu ya mkononi nayo inafaa kwa watoto na kwa mazoezi ya mwendo, ila isipofungiwa mwanga na ulengaji kwa programu, itabadilisha vyote viwili kila mkono unapoingia kwenye fremu.

Anayetafuta lenzi hizi za mtumba asome herufi zilizoandikwa juu yake kabla ya kuuliza bei. Nikkor zenye herufi G baada ya namba ya tundu hazina pete, na kwa adapta ya kawaida tundu lake halitakutii. Micro-Nikkor ya 55 f/2.8 inajulikana kwa mafuta yanayovujia kwenye mabamba ya tundu na kwa pete ya kulengea inayokauka ikawa ngumu. Mafuta kidogo siyakatai, kwa kuwa sisi hatuhitaji mabamba yawahi, ila pete ngumu nairudisha, maana nguvu ya kuizungusha huisogeza kamera. Mtu wa pwani aimulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma na kutafuta nyuzi nyeupe za kuvu kati ya vioo, kwa sababu unyevu wa huku huziotesha, na akiipata iliyo safi aihifadhi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Zangu hulala humo kila usiku ambao sina tukio linaloendelea.

Kipimo cha mwisho hufanyika dukani au nyumbani kwa muuzaji, nacho hakihitaji utaalamu. Funga lenzi kwenye kamera, iweke juu ya meza ikitazama kitu kisichosogea chini ya mwanga usiobadilika, funga tundu hadi f/11, piga picha 20 bila kugusa chochote isipokuwa kitufe, au tumia saa ya kamera ya kujipiga yenyewe, kisha zipitishe haraka kwenye kioo kwa kidole gumba. Zikitulia, lipa. Zikipepesa au kuruka, mshukuru muuzaji na umwachie lenzi yake.